Karafuu Tatu Kikombeni

Mimba yangu ya kwanza iliingia wiki ya 38 msimu wa karafuu umepamba moto. Nilikuwa nimerudi kwa mama, Wete, kusubiri kujifungua. Kila jioni tulikaa jamvini kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Mie niliwekewa mto wa kuegemea.

Tumbo lilikuwa limeshashuka. Pumzi zikarudi, lakini haja ndogo haikuniacha nikalala, na nyonga ziliniuma kila nikijigeuza. Mara tumbo hukaza likawa gumu kama dafu, kisha likaachia. Mara ya kwanza niliiamsha nyumba nzima. Mama akanitembeza uani mpaka likapoa. "Uchungu wenyewe hautulizwi kwa kutembea, mwanangu. Huo huzidi, tena hukaribiana."

Mkunga wa kliniki naye alinieleza vivyo hivyo. Akanisisitiza nisikae nyumbani nikiona damu, chupa ikipasuka, kichwa kikiuma sana na macho yakiona kiza, au mtoto akipunguza kucheza. Alinifundisha kulala ubavu wa kushoto na kuhesabu mara anazocheza mtoto. Zisipotimia mara 10 ndani ya saa mbili, niende.

Basi nikawa na kikombe cha kahawa pembeni. Mtoto akicheza, natia karafuu moja. Siku nyingi zilitimia 10 kabla sijachoka kulala upande mmoja.

Usiku ule zilikuwa tatu.

"Mtoto akikaribia hutulia," Bibi akasema. "Anajikusanyia nguvu." Bibi alizaa wanane, na hakuna mtu niliyemwamini kuliko yeye. Nilitaka sana awe anasema kweli. Nikanywa maji baridi, nikalisukuma tumbo kwa kiganja. Kimya. Mama alikivuta kikombe, akazigeuza zile karafuu kwa ncha ya kidole, moja, mbili, tatu, kana kwamba ya nne imejificha. Hakubishana na mama yake. Aliinuka akachukua buibui lake na kadi yangu ya kliniki.

Jirani alitupeleka na gari aliyobebea magunia ya karafuu. Hospitali, mkunga wa zamu aliniwekea tumboni kile kipembe cha kusikilizia mtoto, akainamisha sikio. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Mimi namtazama macho tu. Halafu kidole chake kikaanza kugonga juu ya mkono wangu, upesi upesi, na nikajua anachonigongea ni moyo wa mwanangu. Nililia mpaka ushungi ukalowa.

"Umefanya vyema kuja," akasema. "Kukaribia kuzaliwa hakumfanyi mtoto aache kucheza."

Wakanipima presha: imepanda, na kwenye mkojo mna protini. Kichwa hakikuwa kikiniuma hata kidogo! Ingekuwa ni kusubiri maumivu, ningebaki jamvini. Nikalazwa, asubuhi nikaanzishiwa uchungu, na usiku wake nikampata binti yangu, mdogo, mwenye sauti kali.

Bibi alikuja siku ya pili na uji wa pilipili manga. Alimpakata mtoto muda mrefu asiseme neno.

Baadaye mke wa kaka yangu alipoingia mwezi wa tisa, haukuwa msimu, karafuu zilikuwa zimeshauzwa. Bibi alizitafuta jikoni, kwenye mkebe wa viungo, akamwekea kikombe yeye mwenyewe, akaketi ubavuni pake na ukili wake mkononi.

"Haya, mwanangu. Lala kushoto. Tuhesabu."