Mwinuko wa kutoka mtoni, Karura

Jumamosi iliyopita niliupanda kwa baiskeli ule mwinuko wa kutoka mtoni, msitu wa Karura, bila kuweka mguu chini. Nimekuwa nikiujaribu tangu Februari.

Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa. Baiskeli nilijifunzia Phoenix ya babu, mguu mmoja nimeupitisha chini ya bomba kwa sababu kitini sikufika. Kwetu kilima ni upepo wa kaskazi ukikupiga usoni, basi. Nilipohamia Nairobi nikajiona nina pumzi. Huku tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Karura, ambayo ukiitazama kwa mbali ni msitu uliotandazwa tu, ndani imekatwakatwa na mito: Ruaka, Karura, Gitathuru. Kila mto na bonde lake. Unateremka kwa raha, kisha raha ile unailipa yote ng'ambo ya pili.

Tunaingia saa kumi na mbili asubuhi kwa lango la Kiambu Road, mimi na mpwa wangu, binti ya dada yangu. Yeye ana miaka ishirini na mbili na ndiye mwalimu wangu. Saa hiyo wakimbiaji ni wachache na mbwa hawajaanza kuletwa. Njia panda zote zina nambari kwenye vigingi, kwa hiyo kupotea ni vigumu, ila mzunguko wenyewe hausamehe. Mwanzoni ni barabara pana ya murram, mikaratusi pande zote mbili, unapasha miguu moto. Halafu miti inabadilika, inaanza ile ya asili, mihugu na mingineyo, kivuli kinakuwa kizito na njia inajaa mizizi.

Baada ya mvua kuna mambo mawili. Mizizi inateleza kama samaki, na udongo mwekundu unanata. Unashika tairi, unapanda nao mpaka kwenye breki, ukija kushtuka gurudumu linazunguka kwa shida kama limefungwa kamba. Sisi hupunguza upepo kidogo kwenye tairi kabla ya kuanza. Kwenye mteremko pedali nazisawazisha, moja mbele moja nyuma, makalio nayarudisha nyuma ya kiti, breki ya mbele naigusa tu. Macho yanatangulia kule ninakotaka kwenda. Ukiutazama mzizi, utaufuata mzizi.

Mwezi wa Aprili cheni ilinikatikia katikati ya mwinuko huohuo. Nilikuwa nimeanza kupanda na gia nzito, nikaona mambo magumu, nikabadilisha huku nimekanyaga kwa nguvu zote. Ta! Goti likaenda kwenye usukani. Mpwa wangu akashuka, akaigeuza baiskeli magurudumu juu, akatoa kifaa chake mfukoni. Akaisukuma pini taratibu huku akihesabu mizunguko, akatoa pingili moja iliyopinda, akaunganisha mbili zilizobaki, kisha akaitikisa ile sehemu kwa vidole vyake vyeusi kwa girisi mpaka ikalegea na kukunjika kama zile nyingine. Dakika kumi hazikufika.

"Mjomba," akaniambia, "gia ibadilishe ukiwa bado tambarare. Ukishaanza kupanda umechelewa."

Maneno hayo nimeyabeba miezi yote hii.

Katikati ya mzunguko huwa tunasimama karibu na maporomoko. Baiskeli zinabaki juu, ngazi tunashuka kwa miguu. Nikikaa pale siachi kumkumbuka Wangari Maathai. Miaka ile ya tisini ardhi hii ilikuwa inagawiwa watu wajenge majumba. Tarehe 8 Januari 1999 alikuja na wenzake kupanda miche, wakapigwa na watu waliokodiwa, yeye akapasuliwa kichwa. Mpwa wangu alikuwa hajazaliwa. Nilimhadithia tukiwa tumekaa kwenye jiwe, akanyamaza muda mrefu, kisha akaokota karatasi ya biskuti iliyoachwa na mtu, akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo hatoki msituni mikono mitupu. Kusema kweli nakasirika nikiona mtu anatupa chupa Karura.

Jumamosi, basi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tukavuka daraja, nikashuka gia mbili nikiwa bado tambarare, nikaisikia cheni ikihama bila kelele. Nikasogea mpaka ncha ya kiti, kifua nikakishusha karibu na usukani. Kusimama nilijikataza, maana ukisimama kwenye tope gurudumu la nyuma linazunguka bure. Nikahesabu pumzi nne nne. Mahali pale pa Aprili nikapapita. Mbele kuna mzizi umekatiza njia, mnene kama mkono wa mtu mzima, ndio ulionishusha mara zote nyingine. Nikaunyanyua usukani kidogo tu, gurudumu la mbele likapita, la nyuma likateleza nusu, likashika.

Juu nilimkuta amesimama, chupa ya maji ameninyooshea. Nilishindwa kusema. Mbega wawili walikuwa kwenye tawi juu yetu, ile mikia myeupe imening'inia, wanakula majani kana kwamba hakuna mtu aliyepita. Tukakaa tukawatazama mpaka moyo wangu ukarudi mahali pake.

"Jumamosi ijayo," akasema, "tuuzunguke kinyume, mjomba."

Kinyume maana yake mwinuko wa Gitathuru unakuja mwisho, miguu ikiwa imeshachoka. Nimemwambia sawa. Leo nimenunua pedi mpya za breki.