Mwathirika wa Maafa Anastahili Nini kutoka Serikalini?

Mtu aliyebomokewa nyumba na tetemeko la ardhi mkoani Kagera mwaka 2016 na yule ambaye nyumba yake ilifukiwa na tope huko Hanang, mkoani Manyara, mwaka 2023 ni raia wa nchi moja, Tanzania, chini ya katiba moja, lakini walichopata kutoka kwa Serikali yao hakikufanana hata kidogo. Wa kwanza aliambiwa ajijengee mwenyewe. Wa pili, baada ya kusubiri mwaka mmoja, alikabidhiwa nyumba mpya iliyokwisha kujengwa. Kila masika yanapokaribia huwa najiuliza ni kipimo gani kinachotumika kuamua nani apewe nini, na sijaona mahali kilipoandikwa kwa lugha ambayo mwananchi wa kawaida angeweza kuisoma na kuielewa.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na kilichofanyika Hanang. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope lililobeba mawe na miti likashuka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu 89 walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari yake. Serikali ikagharamia mazishi na matibabu, vikosi vya jeshi vikaingia kuondoa tope, na Desemba 2024 nyumba zaidi ya 100, zilizojengwa na Serikali pamoja na Chama cha Msalaba Mwekundu, zikakabidhiwa kwa familia zilizopoteza makazi. Anayebeza kazi hiyo hajui jinsi tulivyozoea mengine.

Kagera ilikuwa habari nyingine. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba zaidi ya 2,000, na Watanzania wakachanga kwa moyo: kampuni, balozi, vyama vya siasa, misikiti na makanisa. Baadaye ikaelezwa kwamba michango ile ingeelekezwa zaidi katika kurudisha majengo ya umma, hasa shule, zahanati na barabara, na Rais John Magufuli alipokwenda Bukoba mwanzoni mwa mwaka 2017 aliwaambia wananchi waziwazi kwamba Serikali haiwezi kumjengea nyumba kila aliyeathirika. Shule ya Sekondari Ihungo ilijengwa upya kwa mchango mkubwa wa Serikali ya Uingereza, ikapendeza. Lakini mchangiaji aliyetuma fedha akimfikiria bibi kizee anayelala chini ya turubai alihisi, na kwa haki kabisa, kwamba hakuulizwa. Tukumbuke pia kwamba mwezi ule ule wa Septemba uteuzi wa maofisa wawili, mmoja wa mkoa na mwingine wa manispaa, ulikuwa umetenguliwa kwa madai ya kufungua akaunti nyingine yenye jina sawa na ile ya kupokea michango. Hali kama hiyo ikishatokea, kila bango la kuchangia waathirika hutazamwa kwa jicho la shaka kwa miaka mingi.

Hata hivyo, hesabu ya Magufuli haikuwa ya kipuuzi. Kujenga nyumba 100 kunawezekana. Kujenga 2,000 ni mzigo mwingine. Mwaka 2024, wakati wa mvua za El Nino, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki dunia na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Hakuna bajeti yetu inayoweza kuzijengea kaya zote hizo. Ndiyo maana nadhani tatizo letu haliko katika ukubwa wa msaada. Kinachoumiza ni kwamba msaada unatoka kama hisani ya msimu, ambapo maafa yaliyobana katika eneo dogo na kuonekana vizuri kwenye kamera huzaa nyumba, na maafa yaliyotawanyika katika wilaya kumi huzaa magodoro na unga.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji, na uratibu umebaki Ofisi ya Waziri Mkuu. Muundo upo. Kinachopungua ni jedwali fupi lililobandikwa ofisi ya kijiji kabla mvua haijanyesha, likisema kwamba aliyefiwa atapata kiasi fulani, aliyepoteza nyumba kiasi fulani, aliyepoteza mazao kiasi fulani, ndani ya siku kadhaa, hata kama kiasi chenyewe ni kidogo. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Serikali, imekuwa ikilipa kaya maskini kwa njia ya simu, kwa hiyo siwezi kuamini kwamba njia ya kumfikishia mwathirika fedha haipo.

Jedwali hilo lingelazimika pia kuwataja watu ambao orodha zetu huwasahau. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 hapa Dar es Salaam, Serikali iliwahamishia wakazi wa bonde la Msimbazi huko Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka Kariakoo, wakapewa mahema na viwanja. Wengi walirudi bondeni. Waliitwa wakaidi, nami nilisikia maneno hayo hata kwa watu wenye huruma, lakini mama anayenunua samaki soko la Feri alfajiri na kuwakaanga Kigogo jioni angeishije Mabwepande kwa nauli ya wakati ule? Na mpangaji, ambaye bondeni ni wengi kuliko wenye nyumba, angedai kiwanja kwa hati ipi? Mradi wa sasa wa bonde hilo, unaotegemea mkopo wa Benki ya Dunia, unalipa fidia kwa majengo, jambo ambalo ni hatua kubwa. Lakini mpangaji aliyepoteza kitanda, cherehani na wateja hana jengo la kufanyiwa tathmini.

Bonde la Mto Rufiji, mkoani Pwani, liliyaona hayo kabla yetu. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka vijiji vya ujamaa kwenye miinuko, nao wakaendelea kurudi mashambani na kulala kwenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, kwa sababu kilimo cha mlau, cha kupanda mafuriko yanapopungua, hutegemea unyevu na rutuba ambayo maji hayo hayo huiacha yanapopungua. Mkulima wa huko aliyezamiwa na mahindi mwaka 2024 alihitaji mbegu mkononi siku maji yalipoanza kushuka, kwani wiki chache za kuchelewa humaanisha udongo umekauka na msimu umempita. Unga aliopewa ulimfaa, lakini tarehe ya kufika kwa mbegu ndiyo iliyopaswa kuwa ya kwanza katika shajara ya ofisa kilimo wa kata.