Mpe mwendesha baiskeli pima moja

Asubuhi moja mwezi wa Machi, nikitoka Kisian kuelekea Kisumu mjini, kioo cha pembeni cha matatu kilinigonga kiwiko cha mkono wa kulia. Sikuisikia ikija, kwa kuwa upepo wa ziwani ulikuwa ukinivumia masikioni. Nilichosikia ni mlio wa kioo kikijikunja, kisha gurudumu langu la mbele likateremka kutoka kwenye lami, na nilipofumbua macho nilikuwa nimelala juu ya kokoto, goti likitoka damu na mfuko wa madaftari ya wanafunzi umetupwa mtaroni. Matatu ilipunguza mwendo, utingo akachungulia dirishani, akaona ninajiinua, nao wakaendelea na safari. Siamini kwamba dereva yule alikusudia kuniumiza. Naamini kwamba ukimuuliza hata leo atakuambia alinipa nafasi ya kutosha, kwa sababu ubavu wa gari haukunigusa. Alipima nafasi kwa ubavu akasahau kioo, na alisahau pia kwamba mtu aliye juu ya baiskeli hasimami wima kama nguzo.

Kiswahili kina kipimo cha zamani kiitwacho pima, yaani urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyoshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ambao ni karibu mita 1.8. Nchi kadhaa zimeandika katika sheria au kanuni zao umbali ambao dereva anapaswa kumwachia mwendesha baiskeli anapompita. Uhispania ni mita 1.5, Ufaransa ni mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji. Ujerumani, tangu mwaka 2020, ni mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Nayo Uingereza, katika kanuni za barabara zilizorekebishwa mwaka 2022, inamtaka dereva aache angalau mita 1.5, na zaidi ya hapo akiwa katika mwendo wa kasi. Kwetu Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamhesabu kuwa na kosa dereva anayeendesha bila uangalifu au bila kuwajali wengine wanaotumia barabara, na kwa maoni yangu kupita sentimita chache kutoka kwenye kiwiko cha mtu ni kutomjali. Ninapendekeza pima moja kwa sababu kila dereva hutembea nayo. Haihitaji futi wala kamba.

Mara nyingi naulizwa kwa nini mwenye baiskeli asikae pembeni kabisa. Anayeuliza hivyo aje siku moja tutembee kwa miguu kutoka Otonglo hadi Kisian, aitazame hiyo pembeni. Mahali pengi lami imeliwa na maji ya mvua, na kati ya ukingo wake na udongo pana ngazi kali. Sehemu moja niliinama nikapima kwa kiganja, nikapata shubiri nzima. Gurudumu likiteremka hapo katika mwendo, halipandi tena kwa urahisi: ubavu wa tairi husugua ukingo, usukani hugoma, na mwendeshaji huangukia upande wa kulia, yaani upande wa magari. Ongeza mchanga uliosombwa na mvua, vipande vya chupa, pikipiki zinazosubiri abiria na mama anayechoma mahindi, nawe utaelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu huendesha nusu mita ndani ya lami. Hajivuni. Anajiachia nafasi ya kukwepa shimo bila kuanguka.

Mzigo nao hubadilisha kila kitu. Barabara hii inafika Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako baiskeli zilizokuwa zikivusha abiria na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine katika miaka ya 1960 ndizo zilizozaa jina la bodaboda. Siku hizi abiria wamehamia kwenye pikipiki, lakini baiskeli bado inabeba makaa, maziwa, ndizi na mitungi ya maji, na mwenye gunia la makaa kwenye keria hawezi kugeuza shingo akaona kinachomjia nyuma. Kwenye mwinuko wa kupanda Maseno, akisimama juu ya pedali, baiskeli huyumba kushoto na kulia kila anapokanyaga, na haiwezekani isiyumbe, kwa kuwa mwendo mdogo ndio unaoiondolea utulivu. Kumpigia honi ukiwa umeshamkaribia ni kumshtua wakati hana mkono wa ziada. Honi ya mbali, fupi, inamsaidia.

Kuhusu malori marefu nitasema zaidi, kwa sababu hapa ndipo niogopapo. Malori ya mafuta yanayopakia Kisumu kwenda Uganda hupita njia hii mchana na usiku. Kichwa cha lori kinapokupita, dereva huona barabara iko wazi mbele yake na huanza kurudi kushoto, ilhali trela bado iko ubavuni mwako, nayo inasogea polepole kuelekea bega lako huku magurudumu yakizunguka usawa wa goti. Kabla ya hapo upepo wa kichwa cha lori umekusukuma nje. Trela ikimalizika, unavutwa ndani. Dereva anayengoja hadi amwone mwendesha baiskeli kwenye kioo chake, nyuma kabisa ya trela, ndipo arudi, ameokoa mtu bila hasara yoyote.

Wapo pia wanaopita gari jingine wakitokea mbele, wakakuwashia taa ili uingie mtaroni uwapishe, ingawa upande ule ni wako. Hao wanajua wanachofanya.

Kuhusu kuchelewa, hesabu ni nyepesi. Ukimfuata mwenye baiskeli kwa kilomita 15 kwa saa kwa muda wa sekunde 10, badala ya kwenda 80, umepoteza kama sekunde 8. Ongeza muda wa kupunguza na kurudisha mwendo, na kwa gari dogo hasara yote haifiki nusu dakika. Huko Uingereza, polisi wa West Midlands mwaka 2016 walianza kumtuma mwenzao akiendesha baiskeli bila sare; dereva aliyembana alisimamishwa mbele na kuonyeshwa, juu ya mkeka uliochorwa, nafasi aliyopaswa kuacha. Ningefurahi kuuona mkeka huo hapa Kisumu, pale Kondele au Mamboleo.

Wiki iliyopita nilizungumza haya na dereva mmoja wa lori la mafuta kwenye kibanda cha chai pale Kisian. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Lakini mwalimu, mimi huwaachia. Mita moja na nusu huwa ipo." Nikamwomba amsimamishe tanboi wake na baiskeli yangu mahali anapodhani ni mita moja na nusu kutoka kwenye lori. Kijana alisimama. Dereva akagusa kioo kwa ncha ya kidole, akanyosha mkono wa pili, na mkono ukampita kijana kifuani kabla haujanyoka. Tukamrudisha nyuma hatua moja, kisha nyingine. Halafu tukahesabu pamoja: lori lina upana wa mita 2.5, nafasi ni mita 1.5, baiskeli na mtu wake zaidi ya nusu mita, na nusu mita nyingine kutoka kwenye ukingo wa lami. Jumla inapita mita 5, na upande mmoja wa barabara ile ni kama mita tatu na nusu. Dereva aliweka kikombe chini, akautazama mstari wa katikati.

"Kumbe siwezi kumpita nikiwa ndani ya upande wangu," akasema. "Lazima nivuke, na kama kuna gari linakuja, lazima ningoje."