Spika mbili, sebule moja na chupa ya rangi ya kucha

Kwa miaka minne nyumbani kwetu tulikuwa na sabufa. Unaijua: boksi kubwa jeusi la kukaa chini, spika mbili ndogo za plastiki, tundu la flashi na taa za bluu zinazocheza na muziki. Kwenye katoni yake paliandikwa PMPO 12,000W kwa herufi za dhahabu. Kwa Bongo Fleva haikuwa na neno. Shida yangu ni zilipendwa. Nikiweka dansi la miaka ya 70, besi ilikuja kama mtu anapiga pipa, mwimbaji yuko huko jikoni, na gitaa la ridhimu halipo kabisa, kana kwamba siku ya kurekodi mpigaji wake alikuwa anaumwa.

Jumamosi moja nilivuta kabati ili nifagie nyuma yake, nikaona kibandiko karibu na waya wa umeme wa ile sabufa: 230V, 50Hz, 65W. Nikabaki nimeshika ufagio. Pasi yetu ya wati 1,000 ikiwashwa tu, uniti za umeme za LUKU zinakimbia. Sasa kitu kinachovuta wati 65 ukutani, hizo 12,000 kinazitoa wapi? Hakizitoi popote. PMPO ni hesabu ya kuuzia katoni. Kinachofaa kutazamwa ni wati za RMS, yaani zile ambazo chombo kinaweza kuzitoa mfululizo.

Nilizunguka Kariakoo siku mbili na kurudi mikono mitupu, kwa sababu kila duka lilinionyesha sabufa kubwa kuliko ile niliyoikimbia. Mwishowe nikapelekwa kwa fundi redio mmoja Buguruni, mzee wa makamo ambaye kibanda chake kimejaa maboksi ya mbao yaliyotoka Ulaya kama mitumba. Swali lake la kwanza halikuwa la hela.

"Umekuja na wimbo wako?"

Nikamwambia ninao kwenye simu.

"Unaujua vizuri? Basi tusikilize huo huo mmoja kwenye zote. Ukibadilisha wimbo utadanganyika."

Tulijaribu jozi nne. Iliyoniteka mwanzo ilikuwa ile yenye wufa, yaani spika za besi, za inchi 12, maana kishindo chake kilikuwa cha harusi. Fundi hakubisha, akaniacha niurudie wimbo mara tatu, na mara ya tatu masikio yakawa yamechoka. Jozi nyingine ilikuwa na sauti tamu, lakini alipogusa ukingo wa sponji unaoshika koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, ukamegekea kidoleni kama keki iliyolala. Akasema joto na unyevu wa Dar huzimaliza sponji, akanionyesha jozi ndogo yenye wufa za inchi sita na nusu na ukingo wa raba. Mwimbaji alisikika hata akivuta pumzi kabla ya kiitikio. Nikazichukua kwa laki moja na nusu.

Amplifaya niliyoongeza ni ya wati 40 kila upande. Nilitaka ya 80, fundi akanicheka: ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, ambazo sikio linaziona kama nyongeza ndogo. Kwake la maana zaidi lilikuwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Nyuma ya spika pameandikwa 8, nyuma ya amplifaya 6 hadi 16, kwa hiyo zinaoana. Ningefunga spika za omu 4, mashine ingefanya kazi kuliko uwezo wake na kuchemka.

Nikafika nyumbani nikafunga kila kitu, nikaketi. Takataka. Kwa muda nilidhani nimebadilishiwa spika njiani.

Sebule yetu ni mita 4 kwa karibu 4, kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya vigae, madirisha ya alumini. Ukipiga kofi, mlio unaruka kuta hadi kuta kabla ya kufa. Spika nilikuwa nimezisukumia kwenye pembe mbili, kila moja juu ya stuli, ili watoto wasizifikie. Pembe huivimbisha besi, maana sauti inarudi kutoka kuta mbili kwa pamoja. Nilizivuta mbele kiasi cha sentimita 40 kutoka ukutani, nikazitenganisha mita 2, nikasogeza kochi hadi umbali wangu na kila spika ukalingana na ule uliopo kati yao. Nikaongeza matofali mawili chini ya kila moja ili twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio. Mkeka mnene ukatandikwa mbele, mapazia mazito ya sikukuu ya mke wangu, Mama Nuru, yakatoka sandukuni. Mwangwi ulipungua sana.

Lakini sauti ya mwimbaji bado haikuwa na makao. Rekodi nyingi za zamani za Radio Tanzania ni za mono: sauti ileile moja kulia na kushoto. Ukikaa katikati, mwimbaji anatakiwa asimame hewani kati ya spika mbili, kana kwamba kuna ya tatu pale. Wangu alikuwa ananizunguka kichwani, na besi imekonda kama ya redio ya mkulima. Nilikagua nyaya mara tano, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Nikampigia fundi. Akaniambia nichomoe nyaya kwenye amplifaya, nichukue betri ya rimoti ya volti 1.5, niguse chanya kwenye tundu jekundu la spika na hasi kwenye jeusi, niangalie koni. Ya kushoto ikasukuma nje. Ya kulia ikaingia ndani.

Kumbe kuna mtu huko nyuma aliwahi kubadilisha matundu ya nyuma akalehemu nyaya za ndani kinyume. Koni moja ikisukuma hewa, ya pili inaivuta, na besi zinauana zenyewe. Sikufungua boksi. Nilipindua tu waya wa kulia kwa nje, nikaweka wimbo uleule. Mwimbaji akasimama juu ya kabati la televisheni, katikati kabisa, na nyuma yake kidogo kwenye ukimya nikasikia kitu kinakwaruza. Ni ridhimu. Yupo, na alikuwepo miaka yote minne.

Kilichobaki ni vita ya nafasi. Chumba cha mraba kina ukorofi wake: ukikaa katikati kabisa besi inapotea, ukiegemea ukuta wa nyuma inakulemea. Kochi langu lina pahala pamoja tu panapofaa, na pahala hapo panaziba njia ya kwenda jikoni.

"Baba Nuru, wageni wakija watarukia dirishani?" akauliza Mama Nuru.

Tukakubaliana kwamba vitu vyote vinarudi ukutani siku za wiki na kutoka Jumamosi jioni. Ili nisipime kila mara, nilimwomba rangi ya kucha, nikadondosha alama mbili nyekundu kwenye vigae, moja kwa kila spika. Jumamosi iliyopita nilipovuta kochi nikaona ya tatu, imewekwa kwenye kona ya mguu wake wa mbele, mahali hasa ambapo besi imetulia. Hiyo sikuiweka mimi.