Nyumba ya Gungu, Kigoma, uliyoiona mtandaoni: soma kabla hujatuma hela

Tangazo lenyewe unalijua. "Nyumba nzima inapangishwa, Gungu, vyumba vitatu, kimoja masta, tailizi, fensi, maji na umeme vipo." Picha kali, halafu kodi ni ile ambayo wengine wanalipia chumba na sebule. Windo la tangazo hili ni mtu wa ajira mpya, mwalimu au nesi aliyepangiwa Kigoma akiwa bado Dar. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, haji mara moja kuangalia nyumba akarudi. Tapeli anakula kupitia umbali huo.

Hela ya kwanza huwa ndogo: elfu kumi ya kuonyeshwa. Hapo pana utata, maana madalali wa kweli nao huidai. Ila dalali wa kweli anaipokea mkiwa mmeshapanda bodaboda kwenda kuiona. Tapeli anaitaka kwa simu kabla ya yote. Ukituma, ameshajua wewe ni wa kutuma. Jioni anapiga: kuna mama kaja na hela taslimu, leta kishika uchumba nikufungie. Anakurushia picha ya funguo na ya kitambulisho, ambacho huenda ni cha mtu aliyelizwa kabla yako.

Kinachomuumbua ni jina. Kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Likitofautiana na la mwenye nyumba utaambiwa "hiyo laini ya mke wangu" au "ya wakala". Achana naye hapohapo.

Omba pia akupigie video muda huohuo, si klipu: aanzie barabarani, aingie getini, afungue bomba, aonyeshe namba ya mita ya LUKU. Ghafla bando litamwishia.

Akikubali bado usilipe. Mpangaji anayehama, funguo zikiwa bado mfukoni mwake, anaweza kuipangisha nyumba isiyo yake kwa watu watatu ndani ya wiki moja. Na Ujiji, mji wa zamani ule, utakutana na nyumba za urithi: kaka mmoja anachukua kodi yako, ndugu zake wanakuja kukuuliza umeingiaje. Kwa hiyo lazima mtu asimame pale aulize majirani mwenye nyumba ni nani na anakaa wapi, kisha apite kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Mwombe mtu wa kituo cha kazi unachokwenda. Kodi ya 150,000 kwa miezi sita, pamoja na mwezi mmoja wa dalali, ni 1,050,000. Kulala gesti pale Mwanga siku mbili tatu ukijitafutia mwenyewe hakufiki huko.

Ukishahamia kuna ile meseji ya "mimi mwenye nyumba wako, kodi tuma namba hii". Anayeituma hakujui, anaitupa kwa maelfu, akitegemea wachache ambao kodi yao imeisha. Mpigie mwenye nyumba kwa namba yake ya siku zote.

Umeshatuma? Piga 100 ya mtandao wako sasa hivi, kwa sababu hela ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia. Usifute meseji hata moja: polisi watazihitaji ukienda kuchukua RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako), na kesi yenyewe inaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Namba ya tapeli iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa meseji kwenda 15040.