Siku moja wodini: kuhara kunakoletwa na antibayotiki

Saa 1:00 asubuhi. Kupokea zamu. Swali langu la kwanza huwa: nani ameharisha mara tatu au zaidi ndani ya saa 24? Nahesabu choo cha majimaji tu, kile kinachochukua umbo la chombo. Leo ni bibi mwenye nimonia, yuko siku ya sita ya seftriaksoni, antibayotiki ya sindano. Kwenye kadi yake kuna omeprazoli pia, dawa ya kupunguza asidi tumboni, na hakuna aliyeandika sababu. Tunashuku Clostridioides difficile, bakteria wa utumbo anayeleta kuhara baada ya antibayotiki.

Saa 1:30. Anahamia chumba cha peke yake chenye choo. Kikikosekana, kitanda cha pembeni na bedipani isiyoshirikiwa. Mashine ya presha na kipimajoto vinabaki humo. Kuingia ni kwa glavu na aproni.

Hapa kitakasa mikono hakisaidii, na ndicho kinachowaponza wengi. Bakteria huyu hutengeneza spora, mbegu zenye ganda gumu ambazo alkoholi haiziui. Sabuni nayo haiziui, ila kusugua sekunde 40 hadi 60 chini ya maji yanayotiririka huzing'oa na kuziondoa. Bomba likikauka, ndoo yenye koki.

Saa 3:00. Raundi. Kabla ya kupima tunaangalia kama alipewa dawa ya kulainisha choo saa 48 zilizopita. Kisha tunamuuliza daktari: seftriaksoni bado ina kazi? Kuisimamisha, inapowezekana, ndiyo tiba ya kwanza. Omeprazoli isiyo na sababu iondoke. Loperamidi, dawa ya kufunga kuhara, marufuku, maana inafungia sumu ya bakteria ndani ya utumbo.

Choo kinaingia kopo safi lenye kifuniko na kufika maabara ndani ya saa 2; kikichelewa, kiwekwe kwenye friji, kwa sababu sumu huharibika kwenye joto la kawaida. GDH, kimeng'enya cha bakteria huyu, ikiwa chanya peke yake inaonyesha bakteria yupo tu. Sumu A na B ndizo zinazothibitisha kuwa anaugua.

Saa 6:00 mchana. Sumu ipo. Chembe nyeupe za damu hazijafika 15,000 kwa mikrolita na kreatinini, kipimo cha figo, haijapita 1.5 mg/dL, kwa hiyo ugonjwa si mkali. Anaandikiwa vankomaisini miligramu 125 ya kunywa, mara nne kwa siku, siku 10. Vidonge havipo, tunatumia kichupa cha sindano cha miligramu 500: mililita 10 za maji ya sindano, kila dozi mililita 2.5, inaongezewa maji kidogo na kunywewa. Kichupa kimoja kinatosha siku nzima, kikae kwenye friji na lebo. Muuguzi akizoea kuona kichupa atakitia kwenye dripu, na ya mshipani haifiki kwenye utumbo mpana. Ndiyo maana naandika KUNYWA kwa kalamu nyekundu. Pasipo na vankomaisini, metronidazoli miligramu 500 mara tatu kwa siku hutumika kwa ugonjwa usio mkali. ORS baada ya kila choo.

Saa 8:00 mchana. Usafi. Klorini ya 0.5%: kikombe kimoja cha Jik ya 3.5% kwa vikombe sita vya maji, ichanganywe leo itumike leo. Kwanza sabuni na maji, maana uchafu huimaliza nguvu klorini. Kisha klorini ibaki mbichi dakika 10. Reli za kitanda, stendi ya dripu, vitasa, koki, choo mwisho. Kitambaa hakitoki chumba kile.

Saa 10:00. Ndugu wanafika. “Mama, shikamoo. Mikono kwa sabuni ukiingia, na tena ukitoka. Kitanda usikalie.”

Saa 12:00 jioni. Napima tumbo lake. Choo kikikata ghafla huku tumbo likivimba, si nafuu: utumbo umegoma. Hapo daktari wa upasuaji anaitwa usiku huohuo, vankomaisini inapanda hadi miligramu 500 kwa mpira wa puani kila saa 6, na metronidazoli miligramu 500 mshipani kila saa 8. Leo tumbo ni laini.

Naandika kwenye kitabu cha zamu: abaki peke yake hadi saa 48 baada ya kuhara kukoma. Asipimwe tena kuthibitisha kupona, kipimo kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa. Akiruhusiwa, aambiwe arudi kuhara kukianza tena ndani ya miezi miwili; hutokea kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano.