Mtungi wa mjomba

Likizo ya mwaka 1986 nilipelekwa Tanga kwa mjomba, fundi redio. Siku ya tatu ikaletwa redio ya vali, ya boksi la mbao, inanguruma kuliko mtangazaji. Kabla hata hajaifungua, mjomba akasema, "Kondensa hiyo. Ziko mbili, moja imekauka."

"Kondensa ni nini, mjomba?"

"Mtungi. Umeme unaingia, unajaa, unatoka polepole. Sasa angalia…"

Mteja akamwita nje. Redio ilikuwa imefunguliwa, waya umechomolewa ukutani, nikaamini humo hamna uhai. Nikatia kidole.

Nilijikuta sakafuni, stuli imelala mlangoni, mkono umekufa ganzi mpaka kwapani. Ile kondensa nyingine, isiyokauka, ilikuwa bado na volti zaidi ya 200. Mjomba akarudi, akaiangalia redio kwanza, kisha mimi. "Nilikuwa nataka kukwambia: kuchomoa waya si kumwaga mtungi." Akachukua bisibisi ya mpini wa mbao, akagusanisha miguu ya kondensa. Paa! Cheche ya buluu. (Siku hizi nawaambia vijana watumie rezista, kipande kinachoumwaga umeme polepole; bisibisi inaua kondensa.)

Miaka mitano baadaye, chuoni, mtihani ukataka maana ya kifaa kinachohifadhi chaji. Nikaandika kondensa. Mwalimu akakata kwa wino mwekundu: "Kondensa iko kwenye friji. Hiki ni kapasita." Alama mbili zikaenda, na bado zinaniuma, kwa sababu baadaye nilisoma kwamba jina la kondensa alilitoa Volta mwenyewe, yule mwanasayansi Mwitaliano, mwaka 1782. Kapasita ndiyo mgeni.

Na mtungi? Kifaa cha aina hiyo cha siku za mwanzo kilikuwa chombo cha glasi chenye maji. Mwaka 1746, mjini Leiden, Uholanzi, profesa Musschenbroek alikishika mkono mmoja, akagusa kwa mwingine, akarushwa vibaya mno. Aliandika kwamba hata apewe ufalme wa Ufaransa hatarudia. Wanamaji wa Uingereza nao walipima uwezo wa kondensa zao kwa kipimo kilichoitwa mtungi hasa: mitungi 900 ni sawa na maikrofaradi moja, kipimo tunachotumia sisi.

Nilipomsimulia mjomba habari za Musschenbroek, alisikiliza mpaka mwisho huku akifuta risasi kwenye ncha ya pasi ya kulehemu.

"Na yeye alikuwa amekalia stuli?"